Mtoto wa Viungo

Mjukuu wangu tunamwita Msumari, maana akishaingia mahali, kumtoa lazima utafute koleo. Mwaka jana aliingia chuo cha tiba ya viungo, kule wanakofundishwa kunyoosha migongo ya watu na kuwarudisha waliopooza kwenye miguu yao. Akaingia mzima mzima, mpaka kichwa cha msumari hukioni. Koleo lililotaka kumng'oa huko lilikuwa moja tu, ada.

Mwaka wa kwanza tulijisukuma wenyewe. Mama yake, yaani binti yangu, aliuza cherehani. Mimi nikauza kitanda changu cha chuma nilichoolewa nacho, nikahamia godoro chini. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi mvungu wenyewe nimeuuza, na kuinama bado nainama. Goti langu la kushoto limesagika, hivyo kila asubuhi Msumari hunivuta juu kama ndoo ya kisimani, ananiketisha kwenye kiti cha mbao, ananifunga kimfuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu, kisha anasimama mbele yangu kama askari wa zamu.

"Nyoosha mguu, Bibi. Mara kumi. Hesabu kwa sauti."

"Moja, mbili, tano, nane, kumi."

"Umeruka."

"Mimi ni wa shule ya msingi, mwanangu. Hizo za katikati mwalimu alikuwa mgonjwa."

Mwaka wa pili ulipokaribia hatukuwa tena na cha kuuza, labda mimi, na bei yangu imeshuka. Chuo kilisema wazi kwamba Jumatatu ya kufungua alete ada au barua ya mfadhili, la sivyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Basi Msumari akaanza kuzunguka. Kila asubuhi anapiga pasi blauzi ile ile nyeupe, anatoka, na jioni anarudi na viatu mkononi. Ofisi ya afya ilimwambia mfuko wao ni wa madaktari na wauguzi, viungo ni mambo ya michezo. Ofisi ya michezo ikamwambia mfuko wao ni wa wakimbiaji na wacheza mpira, kunyoosha wagonjwa ni mambo ya afya.

"Mimi ni popo," alituambia. "Ndege hawanitaki, wanyama hawanitaki."

Shirika jingine lilikuwa linasomesha yatima. Mama yake akamwomba radhi kwa kuwa hai. Kisha akatokea kijana mmoja mwenye tai, akaja mpaka nyumbani, akasema ufadhili wa ng'ambo upo, ila tutangulize kidogo cha kufungulia faili. Nilimwomba kwanza aniinue kwenye godoro. Aliponishika mikono nikamwachia uzito wangu wote, nao si haba, tukaanguka pamoja, tai imenasa chini yangu. Nikamwambia, "Haya, faili limefunguka." Hajarudi mpaka leo.

Tulicheka usiku ule, lakini Msumari hakucheka sana. Alikuwa mezani anaandika barua nyingine.

Jumatano yake nilikwenda sokoni kununua sabuni. Nikipita kwenye safu ya wauza viungo, nikasikia kipaza sauti kinakoroma: "Umoja wa Wauza Viungo unatafuta mwanafunzi wa chuo anayesomea viungo! Tutamlipia! Mwaka wa tatu huu tunatangaza! Jamani, hayupo hata mmoja?"

Nilikuwa nimesimama kati ya gunia la pilipili manga na gunia la iliki. Nikapiga chafya mpaka mtandio ukanitoka. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua ni viungo gani. Aliyesimama kwenye pilipili hawezi kudhani yuko hospitali.

Nikarudi nyumbani. Nikasema, "Kuna umoja mmoja unasomesha watoto wa viungo. Andika barua, nitaipeleka mwenyewe."

"Umoja wa nini, Bibi?"

"Wa viungo."

Sikusema uongo. Kama masikio yake yalichagua viungo vya mwili, hilo wamalizane yeye na masikio yake.

Ijumaa tukaitwa. Ofisi yao ilikuwa juu ya soko, ngazi ndefu, nikipanda kama mtoto anayejifunza kutambaa. Pale chini palikuwa na lori linashusha mzigo, wachukuzi wanapokea magunia mgongoni. Msumari akasimama kuwatazama, mimi nimening'inia mkononi mwake.

"Anainua kwa kiuno," akasema taratibu. "Yule ataumia." Kisha akanusa. "Bibi, mbona hapa pananuka pilipili?"

"Ofisi zote za mjini ziko juu ya kitu fulani. Panda."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, mizani, na chupa za vioo zimejaa punje za kila rangi. Ukutani ilitundikwa picha ya mzee aliyeketi, mikono miwili juu ya fimbo, amepinda kana kwamba anasikiliza jambo linalosemwa na sakafu. Chini yake wameandika: Mzee Upinde, Mwanzilishi.

Mezani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye bizari kwenye masharubu. Katibu, mwembamba, anaandika hata ukikohoa. Na mama mmoja mtu mzima, mikono imekomaa, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni. Wanamwita Mama Kinu, na ndiye mjane wa mzee wa kwenye picha. Huyo hakuwa na maneno. Alitutikisia kichwa tu, tukae.

"Binti," Mwenyekiti akaanza, uso umechanua, "barua yako imetufurahisha mno. Tiba ya viungo! Siku zote nawaambia hawa kwamba viungo ni dawa, hawasikii. Sasa tueleze, mgonjwa akija, mnaanza na viungo vipi?"

"Vile vinavyomsumbua, Mzee."

Mwenyekiti akamtazama Katibu. "Yaani vikali."

"Vikali sana. Kuna wengine usiku hawalali."

"Pilipili hiyo," Katibu akanong'ona, akaandika.

"Na vikiwa vimekauka?"

"Vikikakamaa tunaanza na moto kidogo," Msumari akasema, amepata nguvu, maana hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza maswali kama haya. "Halafu tunavigeuza polepole, kila siku, bila haraka."

"Moto mdogo!" Mwenyekiti akapiga meza. "Ndiyo siri yenyewe. Vijana wengi wanaunguza."

Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio, machozi yananitoka. Wakadhani ni pilipili.

"Na vikishasagika, binti?"

Msumari akatikisa kichwa kwa huzuni. "Vikishasagika, Mzee, ndiyo basi tena. Havirudi. Unamsaidia tu mtu aishi navyo."

"Basi tena?" Mwenyekiti akainuka nusu. "Wewe, sisi vikisagika ndiyo tunakula!"

"Mwenyekiti, kaa chini," Mama Kinu akasema. Ndiyo mara ya kwanza tuliisikia sauti yake. "Huyu mtoto anazungumzia magoti."

Kalamu ya Katibu ikasimama. Msumari akazitazama zile chupa, akaitazama mizani, mwishoni akanitazama mimi.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Hawa wanauza viungo."

"Hata mimi naona."

Nilitegemea alie au anifokee. Akasimama, akakusanya karatasi zake, akasema kwa adabu, "Nisameheni, wazee wangu. Mimi nasomea viungo vya mwili. Sikuja kuwadanganya." Akaenda mpaka mlangoni. Pale mlangoni, kutoka chini, tukasikia gunia linatupwa na mtu anaguna. Msumari akasimama, mkono kwenye kitasa. Kisha akageuka, akarudi, akakaa kwenye kiti kile kile. Nikasema moyoni, haya sasa, tafuteni koleo.

"Lakini nimeshafika," akasema, "na Jumatatu chuo kinafungua. Nisikilizeni, mkimaliza mnifukuze. Wachukuzi wenu pale chini wanainua kwa kiuno. Yule mwenye fulana ya buluu, mguu wake wa kulia unaburuta. Labda hajajua. Labda anajua na anaficha asije akakosa kazi. Siwezi kuwaambia nitamponya, mimi nimemaliza mwaka mmoja tu, nikimgusa peke yangu leo naweza kumharibu. Ndiyo maana nataka kumaliza. Nimekwenda kwa watu wa afya, nimekwenda kwa watu wa michezo, kila mmoja anasema viungo si vyake. Ninyi angalau neno ni lenu."

Mwenyekiti akashika masharubu, bizari ikamwagika kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Umesema vizuri, mwanangu. Ila fedha hizi si zetu. Ni za marehemu. Alitamka mwenyewe, sisi tumemzunguka kitandani: 'Somesheni mtoto wa viungo.' Tukikupa wewe, huko tutamjibu nini?"

Hapo nikaona ni zamu yangu. "Samahani, Mwenyekiti. Huyo marehemu aliumwa nini?"

"Mgongo," Katibu akajibu. "Na magoti. Alibeba magunia miaka mingi kabla hajafungua duka. Mwishoni hata kusimama hakuweza."

"Na mtu anayekufa kwa mgongo anawaza iliki?"

"Alikuwa mfanyabiashara!" Mwenyekiti akang'aka. "Huyo alikuwa anawaza iliki hata usingizini!"

"Mgongo ukikuuma, bwana, usingizi unautoa wapi?"

Katibu akacheka, Mwenyekiti akamkata jicho, na tungebishana mpaka soko lifungwe kama Mama Kinu asingeweka mkono wake mezani. Aliuweka taratibu, kiganja chini, kama mtu anayetuliza kitu.

"Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza," akasema. "Kila nikimgeuza ananiambia, 'Mke wangu, viungo vimeniua.' Nami namjibu, 'Pumzika, biashara itakaa sawa.'" Akaitazama ile picha. "Anasema viungo vimeniua. Namjibu biashara."

Mwenyekiti naye akaigeukia picha.

"Hatuwezi kujua alikuwa na maana gani, Mama," Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo.

"Hatuwezi," Mama Kinu akakubali. "Lakini mwaka wa tatu huu mnatafuta mtoto anayesomea iliki, na chuo cha iliki hakipo. Mume wangu alikuwa mbishi. Mjinga hakuwa."

Mwenyekiti akahema, akajifuta uso. Akasema basi, sawa, watamlipia mwaka huu mmoja, mingine wataona mbele ya safari. Mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kushukuru. Msumari akanikanyaga.

"Imebaki miaka mitatu, Mzee," akasema. "Mtu ukimwinua nusu kisha ukamwachia, heri ungemwacha chini. Nilipieni yote, nami kila likizo nitakuja hapa na mwalimu wangu, tuanze na yule wa fulana ya buluu. Nikifeli mwaka wowote, acheni kulipa hapo hapo."

"Anapatana bei huyu!" Katibu akashangaa.

"Yuko sokoni," Mama Kinu akasema. "Ulitaka afanye nini? Andika barua."

Barua ikaandikwa pale pale, ikapigwa muhuri wenye picha ya karafuu. Jumatatu mhasibu wa chuo aliisoma, akaigeuza nyuma, akainusa, akaisoma tena: Umoja wa Wauza Viungo unamdhamini mwanafunzi wa viungo mpaka amalize. Akamwuliza Msumari kama ni mzaha. Msumari akamwambia apige simu, namba iko chini ya karafuu. Akapiga. Alichoambiwa na Mama Kinu sikijui, ila nasikia alisimama wima na simu sikioni, na jina la Msumari akaliandika kwa kalamu ya wino.

Jioni ile akarudi na viatu miguuni. Akanivuta kutoka godoroni, akanikalisha, akafunga kimfuko cha mchanga, akakikaza kuliko siku zote.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ni viungo vipi."

"Mjukuu wangu, mimi elimu yangu ndogo. Neno likija na maana mbili sijui kuchagua, nachukua zote."

Akajitahidi asicheke, akashindwa, akageuza uso ukutani mpaka akapona. Kisha akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nyoosha mguu. Hesabu."

"Moja, mbili, tano..."

"Bibi."

Nikautazama uso wake. Koleo sina.

"Tatu," nikasema.