Meno ya Marehemu

Kufika saa sita mchana nilikuwa nimemsikia mama mmoja akifa mara nne.

Kila mara alikuwa juu ya machela, kila mara aliomba meno yake ya bandia ili daktari asimwone kibogoyo, na kila mara mwanawe alimvalisha, mama akatabasamu, akakata roho. Watahiniwa wote wanne walimeza mate palepale, kabla tu ya tabasamu. Kijana aliyepewa kadi ya kueleza kitu alichowahi kupoteza alipoteza meno hayo. Dada aliyetakiwa kueleza safari alisafiri nayo kwenye gari la wagonjwa.

Kazi yangu ni kupima Kiingereza cha kuzungumza cha watu wanaotaka kusoma vyuo vya ng'ambo. Dakika kumi na nne kila mtu. Meza, rekoda, kadi ya mada, fomu. Chini ya fomu kuna kisanduku: jibu la kukariri. Ukikitia tiki, matokeo yanazuiwa. Nilikuwa nimetia tiki nne, nikijisikia kama mtu anayetoa nywele kwenye sahani yake.

"Leo wamekufa wangapi?" aliniuliza msimamizi wa kituo wakati wa chakula. Tunamwita Bi Fomu, na jina amelipenda.

"Mmoja. Mara nne."

"Basi ni Profesa huyo." Alielekeza uma dirishani, upande wa pili wa barabara, ambako juu ya duka la viatu mtu anayejiita Profesa hufundisha kisa kimoja kinachoingia kwenye kila kadi. "Mwezi uliopita ilikuwa babu na baiskeli. Wewe tia tiki, dada, usijipe presha."

Wa kwanza baada ya chakula alikuwa muuguzi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Aliniambia amepata nafasi ya shahada ya uzamili, wanamsubiri alete alama saba kati ya tisa, na mtihani huu ndio wa mwisho anaoweza kuuwahi. Kadi yake ilimtaka aeleze uamuzi mgumu.

Alianza na machela. Nikashika kalamu.

"Mama aliomba meno yake," alisema. "Yalikuwa kwenye kopo la majarini. Nikakataa kumpa."

Kalamu ikasimama.

"Alikuwa anapumua kwa shida. Mgonjwa wa namna hiyo haachiwi meno ya bandia mdomoni. Yanaweza kuziba koo. Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, nalijua hilo. Akaziba mdomo kwa kiganja, akanigeuzia uso ukutani. Alikufa amenikasirikia."

Hakumeza mate. Alikosea nyakati za vitenzi mara tatu na akajisahihisha mara mbili. Sehemu ya mwisho ya mtihani inaniruhusu kuuliza maswali yanayotokana na mada, nikamwuliza kama ni sawa watu kuwasimulia wengine mambo ya familia zao.

"Si sawa," alisema. "Mwalimu wangu wa masomo ya ziada alitaka kisa cha kweli. Nikampa hiki. Kesho yake nikakikuta kimechapishwa, kila mtu na nakala yake, na mama anatabasamu. Nikalalamika. Akasema mama aliyenuna hapati alama. Halafu akanipandisha darasa la juu, nikanyamaza."

Nilimpa saba. Sikutia tiki. Nyuma ya fomu niliandika tofauti zote kati ya jibu lake na yale manne, kwa namba.

"Unajisumbua," alisema Bi Fomu alipoipokea. "Makao makuu mashine ndiyo inayolinganisha sauti. Haijui mama ni wa nani."

Alikuwa sahihi. Matokeo ya wote watano yalizuiwa. Asubuhi iliyofuata muuguzi alikuwa kaunta, na nilikuwepo.

"Jaza hapa," Bi Fomu alimwambia. "Chanzo cha jibu lako."

Akaandika: mama yangu.

"Uthibitisho?"

Akatoa cheti cha kifo. Bi Fomu akakisoma mbele na nyuma. "Kaka, pole sana. Lakini hapa pana jina, tarehe na ugonjwa. Meno hayamo."

Muuguzi akainama kwenye mkoba wake, akaweka kopo la majarini juu ya kaunta, akafungua. Yalikuwa seti mbili, ya juu na ya chini, fizi za plastiki zimepauka, ukoko wa kahawia katikati ya meno. Harufu yake ilikuwa ya maji yaliyolala.

"Ala! Toa uchafu huo!" Bi Fomu alirudi nyuma na kiti chake. "Watu wanakula humu!"

"Umetaka uthibitisho, mama."

"Hakuna sehemu ya kuandika hicho!"

Nilitazama kopo, nikamtazama Bi Fomu akipuliza manukato juu ya fomu, nikajua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachonitia kichefuchefu. Nikachukua kalamu yake na kuandika pembeni: meno yameonekana. Nikatia sahihi.

"Rufaa inachukua siku ngapi?" aliuliza muuguzi.

"Ishirini na moja."

"Chuo kinafunga usajili baada ya siku tisa."

"Basi waandikie wakuvumilie," Bi Fomu alisema.

Aliwaandikia. Hawakuvumilia. Asubuhi ile alifunika kopo, akaifuta kaunta kwa leso yake mwenyewe mahali lilipokaa, akaondoka.

Wale wanne hawakukata rufaa. Walirudia mtihani wiki mbili baadaye, katika chumba cha mtahini mwingine, wakiwa na kisa kipya cha shangazi aliyefufuka kwenye mafuriko. Watatu walipita, picha zao ziko juu ya duka la viatu, na Profesa yuko katikati yao.

Siku ya ishirini na moja jibu la muuguzi lilifika: rufaa imekubaliwa, alama saba, cheti kinatumika kwa miaka miwili.

"Umeona?" Bi Fomu alisema, akigonga muhuri. "Ukifuata utaratibu, haki yako unaipata."

Nilimwomba yeye ndiye ampigie muuguzi simu.