Anatolia wa Ukutani

Wanawake waliochambua kahawa katika bohari la kampuni, Bukoba, walikaa sakafuni wamenyoosha miguu, kila mmoja na ungo wake mapajani. Anatolia alikaa mwisho kabisa, mgongo kwenye ukuta wa upande wa ziwa, ukuta ambao haukukauka masika wala kiangazi. Ukungu wa kijani ulianza ukutani, ukahamia kwenye nguo yake, kisha kifuani. Akakohoa masika mawili, akafa. Mumewe, Kagaruki, akamzika kibanjani kwao Izigo, katikati ya migomba. Kampuni haikutuma hata mtu wa kushika jembe.

Baada ya matanga, ukungu wa pale alipokuwa akikaa uliota mabega. Baadaye ukaota mikono. Zahoro, mnyapara, alipoiona mikono inahangaika bure, aliipa ungo, kwa maana kazi ni kazi, na Anatolia akaendelea kuchambua. Wenzake walimsalimia, wakamwambia habari za mjini. Walifurahi kwamba hakohoi tena. Walifurahi pia kwamba mahali pale pabaya pana mwenyewe, hapana mwingine atakayeambiwa akae.

Habari zilimfikia Kagaruki kilabuni.

"Wewe unapalilia kaburi," jirani yake mmoja alimwambia, kibuyu cha pombe mkononi, "mwenzako Zahoro anachekeshwa na mkeo."

Kagaruki alikuwa mtu wa wivu tangu mkewe yu hai. Kesho yake alipanda baiskeli akaenda Bukoba.

Alimkuta Zahoro ameketi juu ya kasha karibu na ukuta, anatafuna. Anatolia alikuwa amemkunjia jani la mgomba lenye akamwani, kahawa ile ya kuchemshwa na kukaushwa ambayo Mhaya humpa mgeni kabla ya maneno. Alipomwona mumewe alimnyooshea na yeye jani.

"Karibu, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Umetoka mbali."

Hilo ndilo lililomuuma Kagaruki. Mume hakaribishwi na mkewe kama mpita njia. Hakulipokea jani. Alimwambia waende nyumbani.

"Nyumbani kukavu," alisema Anatolia, macho kwenye ungo. "Nitapukutika."

Kagaruki akaenda kwa meneja. Alitaka mambo mawili: arudishiwe mke, na aambiwe nani atajibu kwa kifua kilichomuua. Karani alitafsiri. Meneja, Mzungu mwenye soksi ndefu, alijibu kwamba ukuta ni mali ya kampuni, na kilichoota ukutani vilevile. Kuhusu kifua, wanawake wa huku huumizwa na moshi wa majiko yao. Alipokuwa akisema hayo, wapagazi walikuwa wakipanga mbao chini ya magunia, ili kahawa isiguse unyevu wa sakafu. Wakubwa hawakosi mbao. Za kukalia watu tu ndizo haziji.

Kagaruki alirudi Izigo akang'oa nyasi za paa upande mmoja wa nyumba, pale kilipokuwa kitanda. Mvua ikaingia ndani. Jirani mmoja aliomba zile nyasi kuukuu akafunike mbuzi wake. Muda si mrefu ukuta ukawa kijani, na Kagaruki akaanza kukohoa kidogo asubuhi.

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakalalamika kwamba kahawa ya bohari lile inanuka ukungu. Kwa kahawa, meneja alisikia mara moja. Akaagiza ukuta upakwe chokaa ya kuua ukungu. Zahoro alimweleza Anatolia mapema, naye akamtumia mumewe salamu.

Kagaruki alifika na gunia alilolichovya ziwani.

"Ukuta wangu sasa umelowa kuushinda huu," alisema.

Anatolia aliuliza kama anasema kweli. Aliwaaga wenzake, akamuaga Zahoro mwisho, na kumuaga huko kulichukua muda. Kagaruki alisimama akasubiri, ameuma meno. Kisha Anatolia akajikunja ndani ya gunia. Alifungwa nyuma ya baiskeli, maji yakidondoka barabarani mpaka Izigo.

Jioni ile alikaa kwenye pembe yenye maji, akapapasa ukuta, akasema panafaa.

"Pale pangu amekaa nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alisema Kagaruki.

Lakini alikuwa amekaa Kemilembe, mtoto wa dada yake Anatolia. Kagaruki alimwona kwa macho yake wakati anafunga gunia: Zahoro alimpokeza ungo, kwa maana meneja amesema ukuta ukishapakwa ni mzima, na mahali hapakai wazi. Binti akaketi mgongo ukutani, kusubiri chokaa. Magunia yalikuwa juu ya mbao.

Anatolia alikunja jani, akalitia akamwani, akamnyooshea mumewe. Hakusema karibu. Kahawa ilikuwa na ladha ya ukungu. Kagaruki alitafuna, akameza, akakohoa, kisha akachota maji mtungini akaumwagilia ukuta.