Fundi Sikio na Lori Linalokohoa

"Mimi nikisikia injini mara moja tu, najua inaumwa wapi," mke wa Fundi Sikio alimwambia mumewe asubuhi hiyo jikoni, akimkazia uso ili amsome midomo. Kisha akaongeza, "Ila ukinifungulia boneti, hata pa kutilia maji sipaoni."

Mumewe akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Jina la Sikio alilipata ujanani, alipokuwa akigusisha bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, na kutaja ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika. Nyundo na mashine zikayala masikio yale taratibu kama mchwa anavyokula mlango: rangi nje ipo, ndani hamna kitu. Wateja hawakujua. Mkewe alikuwa akija gereji na birika la chai, anasimama nyuma ya mteja, anakuwa masikio. Vidole vilitaja silinda. Akishika kidevu, inakohoa. Akigusa paji la uso, inagonga.

Leo birika alilijaza mapema. Anayekuja ni Mama Shehena, mwenye malori ya mizigo, naye alishasema wazi: likipona hili zee langu, yote atayatunza Sikio, lisipopona, yanavuka barabara kwa fundi wa pili. Na huyo wa pili alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba Sikio ukimsalimia kwa nyuma haitikii.

Lori likaingia likitikisika bodi zima. Mama Shehena akashuka, injini akaiacha inawaka.

"Likisimama linatetemeka kama lina homa," akasema. "Nikikanyaga mafuta linasita kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani wenzake wanacheza."

Fundi akachomoa waya za plagi, mmoja mmoja, akirudisha. Kila waya ulipotoka injini ilizidi kulegea, isipokuwa mmoja: ulipotoka huo, injini haikujali. Nyuma ya Mama Shehena vikasimama vidole vinne.

"Silinda ya nne hii!" akatangaza fundi.

Akabadilisha plagi. Wapi! Akabadilisha na waya wenyewe. Lori likaendelea kukohoa. Mama Shehena akaanza kutazama ng'ambo ya barabara, akigonga gonga kiatu chini.

Mke wa fundi hakutulia. Alizunguka lori kulia, akalizunguka kushoto, akammiminia Mama Shehena chai ambayo hakuiomba. Ndipo akaisikia, nyuma ya injini, chini ya kile kikohozi: fsss. Nyembamba. Injini ilikuwa inavuta hewa pasipo pake, jirani na silinda ile ya nne.

Ishara ya fsss hawakuwahi kupatana.

Kwa kuchanganyikiwa akavuta hewa kwa meno, tena kwa nguvu. Kumwimbia kiziwi!

Mama Shehena akageuka. "Unamsonya nani, shoga?"

"Jino, dada. Jino linaniua."

Mama Shehena alipogeuka tena, mke wa fundi akaunyosha mkono kuelekea nyuma ya injini, akaupindapinda, fsss-fsss mdomoni.

Fundi akaruka nyuma hatua nzima. "Nyoka!"

Basi ilikuwa vurugu. Mama Shehena, pamoja na unene wake, alijikuta juu ya pipa la oili. Fundi akachukua fimbo ya chuma, akachokoa kwa woga nyuma ya injini, na badala ya nyoka akakuta mpira wa kupitishia hewa umechanika mdomo mzima. Akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa hadi kitambaa kikamdondoka. Fundi akaziba ufa kwa kidole gumba, na lori likaacha kutetemeka papo hapo.

Akakata kipande kipya cha mpira, akakikaza, akafunga boneti. Mama Shehena akapanda, akakanyaga mafuta: injini ikaitika bila kusita. Akaachia: ikatulia kama inaogopa kuamsha mtoto.

"Na yule nyoka?" akauliza.

"Nyoka gani, mama? Nilisikia hewa inalia, nikawatania."

"Ulisikia wewe?"

"Mimi, nani tena? Bure naitwa Sikio?"

Akainama kufuta spana zake. Mama Shehena akamtazama kwa muda, kisha mkono wake ukashuka taratibu penye ufunguo. Injini ikazimika. Kutwa nzima macho ya fundi yalikuwa yakijua injini inawaka kwa jinsi bodi linavyotikisika. Sasa lori zima limesimama tuli, liwake lisiwake. Mkewe akainua mkono kumpa ishara, akakuta jicho la Mama Shehena limemgandia usoni. Mkono ukaishia kwenye shavu, penye jino.

Fundi akainuka.

"Unaisikiaje sasa, fundi?" Mama Shehena akamuuliza dirishani, akitabasamu.

Fundi akainamisha kichwa, akafumba macho, akajipa muda wake kama bingwa.

"Tamu," akasema. "Silinda zote zinapiga sawasawa. Sikiliza mwenyewe."

Alipofumbua macho, Mama Shehena alikuwa ameshatoa mkono nje ya dirisha, ufunguo unaning'inia kidoleni.