Msasa Kwenye Mitutu ya Marehemu

"Jirani, hiyo bunduki mmeiogesha?"

Mama wa nyumba ya pili aliniuliza hivyo siku moja, akichungulia dirishani kwangu. Nikacheka. Nilipogeuka kuitazama, moyo ukanilipuka.

Bunduki ya marehemu mume wangu ilikuwa mezani, inang'aa kama sufuria mpya. Ililetwa kwa meli enzi za babu yake. Mume wangu alikuwa fundi bunduki, na alikuwa akinionyesha ile mitutu miwili: mafundi wa kale walisokota chuma laini na chuma kigumu pamoja kama mtu asukavyo kamba, wakakizungusha kwenye fimbo ya chuma na kukiunga kwa moto na nyundo. Ndiyo maana ilikuwa na mawimbi kama ya mbao. "Mama watoto," aliniambia, "hii ilizoea baruti ya zamani. Risasi za siku hizi zitaipasua, na mkono wa mtu uende nayo."

Sasa mawimbi hayakuwapo.

"Nimetoa kutu," mwanangu akasema, msasa bado mkononi. Alikuwa amepata kazi ya kufukuza nguruwe pori shambani kwa watu, sharti aje na bunduki yake. "Hata muuza risasi ameisifu. Kanipa hizi kali."

"Aliiona ikiwa hivi?"

"Mama, usianze."

"Ile haikuwa kutu, baba. Ndicho chuma chenyewe."

"Wewe unaogopa kila kitu. Redio ikikoroma tu, unaita, 'Mungu nisaidie!'"

"Na ananisaidia."

Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Gari la shamba lilikuwa njiani kumchukua. Mimi huku nasali kimoyomoyo, nikaosha mtutu mmoja kwa sabuni, nikauzungushia kitambaa chenye siki, kama nilivyomwona marehemu akifanya alipotaka mawimbi yaonekane. Nikangoja. Nikapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Honi ikalia nje.

"Lete, mama!"

"Kidogo tu."

Ikalia tena, ndefu. Nikafunua kitambaa. Mawimbi yalikuwa yanarudi, hafifu, yakiuzunguka mtutu. Katikati yake, pale mkono wa kushoto unaposhika, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele.

"Pitisha ukucha hapo."

Akapitisha. Ukakwama kwenye ufa. Akarudia, ukakwama palepale. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua.

"Kazi hii nimeitafuta mwaka mzima, mama."

"Najua, baba."

Dereva akapiga honi mara ya tatu. Mwanangu akatoa risasi mfukoni, akazimwaga mezani kando ya bunduki, akaenda kwenye gari mikono mitupu.