Kobe Aliyeuzwa Akiwa Njiani

Kadi ile aliishinda mnadani saa saba na dakika kumi mchana, amesimama kando ya mashine ya kukatia karatasi, simu mkono mmoja, kipande cha mkate mkono wa pili. Kufikia saa saba na nusu siku iliyofuata alikuwa ameshaiuza. Hapo katikati hakuigusa, wala hakuiona ila kwenye picha aliyoiweka dalali wa mnada, wala hakujua hata imelala mji gani.

Jambo hilo halikumsumbua. Waliokuwa wakinunua na kuuza kadi za zamani mtandaoni walifanya hivyo kila siku. Dalali alichukua siku kumi hadi kumi na mbili kutuma mzigo, na nani ana subira ya siku zote hizo? Mshindi wa mnada aliichukua picha ileile, akaiweka kwenye tangazo lake na kuandika chini: "Inakuja." Wenyewe waliita kuuza hewani. Yeye alikuwa ameuza hewani mara nne, na mara zote nne kadi ilifika salama, ikakabidhiwa, mnunuzi akashukuru.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mkataji wa karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji alichokiendesha pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake. Kiwandani aliitwa Milimita. Jina hilo alipewa na shemeji huyohuyo, siku aliyokataa kumkabidhi mteja kalenda mia tatu kwa sababu zilipungua nusu milimita upande wa kulia. Hakukasirika. Aliona ni jina la haki.

Kadi zenyewe zilikuwa za mabondia. Zamani zilitiwa ndani ya pakiti za biskuti, moja kila pakiti, hamsini kwa jumla. Iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa namba kumi na saba, bondia aliyeitwa Kobe, na haikutafutwa kwa sababu ya ushujaa wake. Kobe alipigwa kila alipopanda ulingoni, mpaka wenye biskuti wakaona anawatia nuksi. Wakaacha kumchapa. Mabondia wenzake waliendelea.

Mnunuzi alikuwa mfamasia mstaafu, mkaguzi wa chama cha wakusanyaji. Kadi arobaini na tisa alikuwa nazo. Kobe ndiye aliyemkosa kwa miaka yote. Kazi ya mkaguzi katika chama ilikuwa moja: akisema kadi ni halisi na haijaguswa, ubishi umekwisha. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamechoka, na alikwishatamka mbele ya wanachama kwamba nafasi yake itamfaa Milimita. Kura ilikuwa ipigwe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Milimita aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kuitaka kadi yoyote, na hakuwa amemwambia mtu.

"Picha nimeiona, binti yangu," mfamasia alisema kwenye simu. "Nzuri. Lakini picha haina unene. Wewe mwenyewe umeikagua?"

Angeweza kusema bado. Neno lenyewe ni fupi.

"Nimeikagua, mzee."

"Pande zote nne?"

"Zote nne."

"Basi mimi sina la kuongeza. Ijumaa ijayo nitapita hapo kazini kwenu niichukue, Jumamosi niwaonyeshe wanachama."

Alipokata simu alijipigia hesabu ya haraka. Kadi itafika, ataikagua, na alichokisema kitakuwa kweli. Kimetangulia siku chache tu.

Siku ya saba alianza kumtilia shaka dalali. Ujumbe wa "mzigo unaandaliwa" ulikuwa umekuja mara tatu, na mara zote tatu neno "unaandaliwa" lilikosewa herufi ileile. Akampigia.

"Dada, mzigo upo, usiwe na presha," alisema dalali.

"Upo wapi?"

"Upo."

"Upo si mahali."

Dalali alicheka. "Wewe ungefaa polisi, dada."

"Aliyeileta mnadani ni nani?"

"Muuzaji namba kumi na nne. Zaidi ya hapo hatusemi. Mbona wewe wateja wako hatuwataji?"

Milimita alikata simu. Dalali alijuaje kama ana mteja? Kisha akajijibu: tangazo lake lilikuwa mtandaoni, kila mwenye simu alikuwa ameliona. Jibu lilitosha. Hata hivyo aliliandika swali kwenye kipande cha karatasi, akalipigia mstari chini.

Jioni hiyo aliichapa picha ya kadi kwa ukubwa wa dirisha dogo, akapima pambizo nyeupe zilizomzunguka bondia. Ya kushoto ilikuwa pana kuliko ya kulia. Hapo palikuwa na maelezo matatu. Huenda mashine ya zamani ilichapa upande, na zilikuwa na tabia hiyo. Huenda kamera ilishikwa vibaya. Au kuna mtu alipunguza. Mawili ya kwanza hayakuwa na ubaya wowote, lakini kwa siku nne zilizofuata ni lile la tatu alilotembea nalo.

Alhamisi asubuhi bahasha ngumu ikafika. Alingoja mpaka shemeji yake alipowasha mashine ya kuchapa upande wa pili wa ukuta, ndipo akaifungua. Akaiweka kadi kwenye kioo, akachukua kipimo cha chuma. Urefu ulikuwa sawasawa. Upana, milimita sitini na mbili nukta moja. Kadi zote za mabondia zilikuwa na upana wa sitini na tatu na nusu, na Kobe hakupewa msamaha.

Ilipotazamwa kwa ubavu, kingo tatu zilikuwa na rangi ya chai hafifu, kama inavyotakiwa kwa karatasi ya umri ule. Wa kulia ulikuwa mweupe pepe. Ilikatwa, basi. Mtu alikuwa na kadi yenye ukingo uliochakaa, akaukata ili ionekane haikuwahi kushikwa, kisha akaipeleka mnadani. Kwa wakusanyaji, kadi ya namna hiyo ni maiti iliyovalishwa suti.

Akachukua lenzi. Kwenye ukingo mweupe palikuwa na vinundu viwili, vidogo kuliko punje ya chumvi, cha juu kikubwa kuliko cha chini. Akapima umbali kati yake. Milimita kumi na tisa. Akapima tena, ingawa hakuhitaji.

Wiki tano nyuma mtu alitia chini ya kisu bunda la karatasi lenye pini ndani, na kisu cha mashine yao kikapata mapengo mawili. Umbali wa mapengo hayo aliupima yeye mwenyewe ili amweleze mnoaji, na tangu siku hiyo alikuwa akisogeza karatasi zake kushoto zisipite hapo. Sasa alikata kipande cha karatasi nzito mahali palepale, akakilaza kando ya kadi. Vinundu viwili, cha juu kikubwa, kumi na tisa.

Kobe alikatwa pale pale alipokuwa amesimama yeye. Mashine ilikuwa na funguo mbili: wake, na wa shemeji.

Hapo mambo yakaanza kujipanga bila kuitwa. Nani alimwambia, wiki tatu nyuma, kwamba kuna mabondia mnadani? Shemeji. Nani alinunua simu mpya mwezi huu? Shemeji. Kila jambo peke yake halikuwa na kosa. Yalipopangwa foleni, yote yalitazama upande mmoja.

Alimkuta ameinamia mashine, wino hadi kwenye viwiko.

"Shemeji, umekata kadi kwenye mashine yangu."

"Tangu mwaka uanze nimekata kadi elfu nne. Unamtaka nani?"

"Huyu."

Shemeji alisogeza uso bila kuigusa. "Aah! Huyu namjua. Mwenye pua iliyolala. Aliletwa na bwana mmoja wa shati la mistari. Ukingo ulikuwa kama umetafunwa na panya, akaomba nimnyooshee. Nikamnyooshea. Dakika moja, akaenda zake."

"Hukujua kadi ya zamani haikatwi?"

"Nijulie wapi? Hapa watu wanaleta karatasi, sisi tunakata. Kuna siku ulimwambia mtu rudi nayo nyumbani, hii hatukati?"

"Ulijua ni Kobe. Wewe ndiye uliyeniambia anauzwa."

"Nilikuambia nimeona mabondia wako kwenye simu ya dada yako. Mimi bondia na bondia nawatofautisha kwa kaptula, shemeji. Usinipe elimu nisiyokuwa nayo."

"Na mbona hukuniambia umekata?"

Shemeji alizima mashine.

"Nilikuambia. Tena kwa maandishi." Akaonyesha rafu kwa kidevu. "Fungua daftari la kazi, usome."

Alilisoma akiwa amesimama. Jumanne, wiki nne nyuma: *Kadi 1 ya bondia, kunyoosha ukingo wa kulia, mteja anasubiri.* Mwandiko wa shemeji, katikati ya vitabu vya risiti na tiketi za mchango wa shule, kwa mpangilio wake, bila kufutwa. Na kwenye safu ya mwisho, chini ya neno *Imekaguliwa*, palikuwa na saini yake yeye.

Alijua jinsi ilivyofika pale. Kazi ndogo ndogo alizisaini kila Ijumaa kwa mkupuo mmoja, kutoka juu hadi chini ya ukurasa, akingoja maji ya chai yachemke. Alifunua kurasa za nyuma. Saini zote zilikuwa za wino mmoja, zimelala upande mmoja kama nyasi.

"Ningekuwa na la kuficha ningeandika?" shemeji aliuliza.

"Hapana."

"Basi acha kunitazama kama mlango uliovunjwa."

Alimwamini, na si kwa sababu ya uso wake. Aliamini daftari.

"Kesho mzee anakuja kuichukua," alisema.

"Mpe. Ana macho ya kuona milimita moja?"

"Hana."

"Sasa?"

"Ndiyo maana aliniuliza mimi."

Mfamasia aliingia Ijumaa saa kumi kamili, albamu ndani ya mfuko wa kitambaa, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kupiga picha. Shemeji alikumbuka ghafla ana jambo nje. Milimita alimvutia mzee kiti, akaweka kadi juu ya meza, na kando yake lenzi, kipimo cha chuma na daftari.

"Mzee, kadi hii imekatwa ukingo wa kulia. Imekatwa hapa, kwa mashine ile."

Mzee aliitazama kadi, hakuigusa. "Uliniambia umeikagua."

"Sikuwa nimeikagua. Ilikuwa haijafika. Nilikuuzia picha."

"Pande zote nne, ulisema."

"Nilisema."

Akamfungulia daftari, akamwonyesha mstari wa Jumanne na saini. Angeweza kulificha, hakuona namna ya kusema kweli nusu. Mzee alisoma polepole, pua ikikaribia karatasi. Kisha akatazama mashine, akatazama mlango aliopitia shemeji, akamtazama yeye.

"Aliyeipeleka mnadani ni nani?"

"Muuzaji namba kumi na nne. Simjui."

"Humjui."

"Simjui, mzee."

Milimita aliona foleni ikijipanga usoni kwa mzee, kama ilivyojipanga kichwani mwake jana. Kadi ilikatwa hapa. Aliyesaini ni yeye. Aliyeinunua ni yeye. Aliyeiuza tena kabla haijafika, akaapa kwamba ameikagua, ni yeye. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo, naye hakuwa na daftari jingine la kumwonyesha.

"Pesa yako nakurudishia leo hii."

"Pesa sijaiulizia." Mzee alisukuma daftari kando. "Zile nne za kwanza ulizowauzia wanachama. Niliziandika halisi kwa neno lako. Ulizikagua kabla au baada?"

"Baada ya kuziuza. Kabla ya kuzikabidhi. Nilizipima zote."

"Na hilo nalo nilichukue kwa neno lako?"

Milimita aliitazama saini yake, iliyokuwa bado wazi kwenye daftari.

"Kesho nitawaambia kura isubiri," mzee alisema, bila ukali. Akatoa albamu mfukoni, akafungua ukurasa wa tatu. "Hii namba ishirini na mbili ni moja ya zile nne. Mwanachama uliyemuuzia aliniuzia mwaka jana. Nipe hicho kipimo."

Milimita alimsogezea. Mzee aliichomoa kadi, akakilaza kipimo juu yake, akavua miwani, akaivaa tena, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye chuma. Akakifuta kwa mkono wa shati. Akainama tena. Kipimo kikateleza, akakirudisha.

Milimita, upande wa pili wa meza, aliiona namba kwenye kipimo vizuri kabisa kutoka pale alipokuwa: sitini na tatu na nusu. Mzee hakumuuliza, naye hakuitamka.