Barua Tisa za Paula Lewin

Irma Lewin aliugua nimonia majira ya kuchipua ya mwaka 1942, akalazwa hospitali wiki tatu nzima. Aliporudi kwenye nyumba alimokuwa akitumika huko Harrogate, Uingereza, alimwandikia mama yake yote, homa, sindano, na namna alivyodhani hataamka tena. Barua aliituma Zurich, Uswisi, nchi isiyokuwa vitani, kwa Shangazi Recha, dada wa baba yake, aifikishe nyumbani. Tangu vita vianze, hapakuwa na barua iliyotoka Uingereza ikafika Breslau, Ujerumani, moja kwa moja.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuja kabla ya vita na sanduku moja na kibali cha utumishi wa ndani, wazazi wake wakabaki kungoja kibali chao, ambacho hakikutoka. Wenye nyumba hawakuwa wabaya; ila walizungumza naye habari za makaa na mashuka tu. Mtu wa kuongea naye alikuwa mmoja, mpishi, Bibi Ackroyd.

Jibu lilifika Julai kwa mwandiko wa mama. Baba amepata viatu. Jirani wa chini ameacha kupiga piano. Irma asisahau soksi za sufu. Juu ya ugonjwa, hakuna hata neno.

“Mama anasemaje?” Bibi Ackroyd aliuliza, akimenya viazi.

“Anasema nivae soksi.”

“Wewe umeponea chupuchupu, yeye anakuambia soksi? Mama gani huyo, binti?”

Alikuwa akitania, lakini Irma hakucheka. Mama yake alikuwa mtu wa kumwita daktari mara mbili kwa goti lililochubuka. Irma alipanda chumbani kwake darini, akazitoa barua zote. Zile za zamani zilikuwa na tarehe. Tatu za mwisho hazikuwa nayo.

Akamwandikia shangazi yake amwambie kweli, mama yuko wapi.

Jibu lilichukua wiki sita. “Mwanangu, nisamehe,” Shangazi Recha aliandika. “Mwezi wa Aprili Wayahudi wa Breslau, wazazi wako wakiwemo, waliamriwa kuondoka, wakapewa siku tatu, kila mtu na mkoba mmoja. Siku ya kwanza mama yako hakufunga chochote. Alikaa mezani akakuandikia barua tisa, akanitumia zote pamoja. Alisema nikutumie moja kila mwezi, usije ukahangaika na huko uko peke yako. Walipelekwa mashariki, sijui wapi. Zimebaki tano. Nikutumie zote?”

Irma alikasirika. Kwanza alimkasirikia shangazi, kisha mama mwenyewe, aliyemwamulia hata hili, kama alivyokuwa akimchagulia nguo za shule. Bibi Ackroyd alimwekea chai karibu na mkono wake, akaendelea na kazi zake.

Jumapili akajibu: “Usizitume zote, Shangazi. Tuma kama alivyosema.”

Maana maadamu ilikuwepo moja ambayo hajaifungua, mama alikuwa bado hajamaliza kuzungumza naye. Kila mwezi ilipofika, aliipeleka bustanini, akaisoma polepole kwenye benchi, kisha akaijibu. Majibu yalikwenda Zurich. Shangazi Recha, mjane asiye na mtoto, aliyasoma yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuyasoma, na taratibu akaanza kuyajibu. Alimsimulia Irma mambo ya baba yake alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akiogopa bata.

Ya tisa ilifika Januari. Ilikuwa fupi. “Mkono umechoka, na baba yako ananiita tufunge mizigo. Kuna jambo nilitaka kukuambia, limenitoka. Nitalikumbuka.”

Mwaka 1946 Irma alikuwa fundi cherehani mjini Leeds, amepanga chumba kimoja. Karatasi ilitoka ofisi ya kutafuta waliopotea: Siegbert na Paula Lewin walikuwemo katika orodha ya treni ya Aprili 1942, hawamo katika orodha yoyote ya waliorudi. Aliisoma amesimama mlangoni na koti lake, akairudia. Ndipo akakaa, akachukua kalamu.

“Shangazi,” aliandika, “habari za Baba na Mama zimefika. Kwenye orodha jina la Mama wamelikosea herufi moja. Nimewaandikia walirekebishe.”