Gari Lisilo na Stata

Asubuhi ile gari lilipowashwa lilisaga, krrrr, kama mtu anayetafuna kokoto. Mshonaji akatoa mkono kwenye ufunguo kama aliyeungua. Akangoja, akajaribu tena. Krrrr. Mara ya tatu injini ikashika.

Hakuwa na safari. Alikuwa akilijaribu tu, kama alivyofanya kila siku tangu kaka yake aende mbali kikazi na kumwachia dhamana mbili: gari, na mkewe mwenye mimba iliyotimia. Presha ya wifi yake ilikuwa inapanda, na daktari alishaonya kwamba dalili ya uchungu ikionekana tu, wasikae nyumbani kungojangoja. Tangu hapo mshonaji alikuwa akilala sikio moja wazi.

"Hilo ni gari au ni mashine yako ya kushonea?" wifi aliuliza kutoka dirishani.

"Gari. Rudi ukalale."

"Nimelala mpaka mbavu zimeota kutu."

Mshonaji alicheka kumridhisha, kisha akaenda kumwita fundi. Mtaani walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta barabarani.

Taratibu alifungua boneti, akasimama amefumba macho. "Washa," alisema. "Zima. Washa tena."

"Ni nini?"

"Betri ni nzima. Ingekuwa imechoka, ungesikia tk tk tk na injini isizunguke. Na mlio unakoma injini ikishawaka, kwa hiyo si giaboksi. Hii ni stata, ile mota ya kuwashia injini. Ina kagia kadogo, kanatoka kushika meno ya gurudumu kubwa la injini. Hakashiki vizuri, kanasaga."

"Gari linaweza kugoma?"

"Linaweza."

"Lini?"

"Dada, mimi ni fundi, si mpiga ramli."

Akachomoa waya wa betri, akaingia chini ya gari. Bolti moja iliyoshikilia stata ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Aliitoa stata, akaiweka barazani juu ya meza ya kukatia nguo, akaifungua. Meno ya ile gia ndogo yalikuwa yamelika mpaka kwenye fizi. Kisha akarudi kumulika kwenye tundu, huku akiizungusha injini polepole kwa spana ili alione gurudumu kubwa jino kwa jino. Machache yalikuwa yamepasuka ncha.

"Mzee huyu bado anatafuna," alisema kuhusu gurudumu hilo. Akapiga simu dukani, waletewe gia mpya kwa pikipiki.

Hapo ndipo wifi alipotokea mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "chupa imepasuka."

Mshonaji alitazama vipande vya stata mezani, akachukua simu. Alimpigia dereva wa teksi, yuko mbali. Alimpigia mwingine, simu ikaita mpaka ikakata.

"Tutalisukuma," alisema Taratibu. Alikuwa ameshaanza kuufunga utepe ule waya mnene wa stata usije ukagusa chuma. Akarudisha waya wa betri, akaitia stata kwenye tambara. Kinyozi wa jirani akaja, na mteja wake naye nyuma, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Wifi akalazwa kiti cha nyuma. "Gia ya pili, klachi chini," fundi alimwambia mshonaji. "Nikisema achia, uachie."

Mtaa uliteremka kidogo kuelekea barabara kuu. Walisukuma. "Achia!" Gari likaruka, likakohoa, likafa. Mshonaji aliachia klachi kwa woga. Mteremko uliobaki haukuzidi nyumba chache. Wakasukuma tena, na safari hii akaiachia klachi yote, injini ikanguruma. Taratibu alikimbia, mtaa mzima ukamwona, akajitupa kiti cha mbele na tambara lake.

"Likizima tumekwisha. Ukisimama, kanyaga klachi, mafuta kidogo kidogo."

Kwenye makutano lori liliziba njia. Injini ilitetemeka, mshonaji akakanyaga klachi, akagusa mafuta.

"Wifi, ongea na mimi."

"Niongee nini? Endesha."

Hospitalini wauguzi walikuja na kiti cha magurudumu, wakamchukua. Mshonaji alibaki amekaa, mguu bado kwenye mafuta, mpaka Taratibu alipounyosha mkono na kuzima.

"Tumefika, dada. Sasa lina ruhusa ya kufa."

Kwenye korido kila muuguzi aliyetoka alisema, "Bado." Presha imepanda, walimwambia, baadaye hawakumwambia chochote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alijikuta anafumua upindo wa gauni lake kwa kucha, uzi baada ya uzi.

"Shangazi wa mtoto ni nani?" muuguzi aliuliza kutoka mlangoni.

Mshonaji aliendelea kufumua. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Wewe? Ni msichana, analia vizuri. Mama tunamwangalia, presha imeanza kushuka."

Alitoka nje. Gia ilikuwa imeletwa hapo hapo maegeshoni, na stata ilikuwa imesharudishwa mahali pake. Miguu ya Taratibu ilichungulia chini ya gari.

"Msichana," mshonaji alisema.

"Hongera, shangazi. Hebu washa."

Aliingia garini, akawasha. Injini ikashika mara moja, bila kusaga. Fundi alijitokeza akitabasamu, akamkuta ameegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Akaanza kukusanya spana zake.

"Lile gurudumu kubwa nalo tutakuja kulibadilisha," alisema mwishowe. "Si leo."

"Si leo," mshonaji aliitikia, akajifuta uso, akarudi ndani haraka kuuliza presha imefika ngapi.